Waliokufa Maji na Magazeti Yaliyonyamaza

Jumamosi tarehe 12 Februari 1944, saa nane na nusu mchana hivi, meli ya Khedive Ismail ilikuwa ikikata mlango mpana wa bahari kusini mwa Maldives. Ilitoka Kilindini ikielekea Colombo, na ndani yake walikuwamo watu 1,511. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga kwa torpedo mbili, na dakika tatu hazikutimia meli ikawa imekwenda chini. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni 214, na kati yao wanawake walikuwa sita tu.

Kundi kubwa kuliko yote melini lilikuwa la Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, maafisa na askari 996. Hao ndio wale ambao nyumbani waliitwa Keya, kutokana na KAR, King's African Rifles, jeshi la bunduki la wakoloni, hata kama kazi yao ilikuwa mizinga na si bunduki, kwa sababu vijijini kila aliyevaa sare ya Mwingereza alikuwa Keya. Walikuwa wanapelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kujiunga na wenzao waliokuwa wakijiandaa kwa vita vya Burma. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona bahari kabla ya wiki ile.

Sasa chukua gazeti lolote lililochapwa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam wiki iliyofuata. Usitegemee kuikuta habari hiyo. Sheria za vita zilikataza kutaja meli gani imezama, wapi, na ilikuwa imebeba nani, kwa hofu kwamba adui angejua amefanikiwa kiasi gani. Kwa hiyo maafa ambayo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyozipata meli za Uingereza na washirika wake katika vita vile, maafa yaliyoua vijana wa Afrika Mashariki kwa mamia mchana mmoja, yalipita bila ukurasa wa kwanza. Mama aliyekuwa akimsubiri mwanawe hakuambiwa na gazeti. Akija kuambiwa, aliambiwa na karani wa serikali au chifu, kwa maneno machache.

Nimeanzia hapo kwa sababu siku hizi hamu ya kutafuta asili imeamka miongoni mwetu. Vijana wanachora miti ya koo zao, wanawarekodi mabibi kwa simu, na wengi wana babu au babu mkuu ambaye habari yake inakatika ghafla: "alienda majini hakurudi." Ushauri wanaopewa ni mmoja, kwamba waende kwenye magazeti ya zamani. Ni ushauri mzuri, ila unatolewa nusu. Mtu anaingia kwenye hifadhi ya magazeti, au anafungua tovuti, anaandika jina la babu yake, hapati kitu, anafunga. Anarudi nyumbani akiamini hakuna kilichobaki. Mimi nasema aliuliza swali ambalo magazeti yale hayakuandikwa ili kulijibu.

Magazeti ya kikoloni yalikuwa na desturi ambayo lazima msomaji aijue kabla ya kugusa ukurasa wa kwanza. Mzungu akifa, alitajwa kwa jina, cheo, shule aliyosoma na wazazi aliowaacha. Mhindi mwenye duka alitajwa jina na mtaa wake. Mwafrika alitajwa kwa hesabu: wenyeji kumi na wawili wamezama, mabaharia kadhaa hawajaonekana. Hesabu yenyewe mara nyingi ilikuwa ya kukisia. Ukijua hilo huna haja ya kushangaa jina la babu yako linapokosekana. Unatafuta njia nyingine ya kumfikia, na njia ipo. Mtafute yule aliyetajwa, ili umfikie yule asiyetajwa.

Khedive Ismail inatupa mfano mzuri kuliko wote ninaoujua. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo mwandishi wa habari za vita, Mwingereza Kenneth Gandar-Dower. Huyu alikuwa mtu wa magazeti tangu ujana wake: mchezaji wa tenisi, rubani, msafiri aliyepanda milima ya Aberdare kumsaka simba mwenye madoa ambaye watu walimsimulia, na ndiye aliyewapeleka duma kutoka Kenya hadi Uingereza, wakashindanishwa mbio mwaka 1937 katika uwanja wa mbwa wa Romford. Mtu wa namna hiyo hafi kimyakimya. Habari zake unazipata, na ukizipata unapata mambo mawili ambayo familia ya askari wa mizinga ilinyimwa, yaani jina la meli na tarehe.

Walikuwamo pia wauguzi 54 pamoja na kiongozi wao, na wasichana wa jeshi la majini la Uingereza. Wanawake 77 walikufa siku ile. Magazeti ya miji midogo ya Uingereza yalikuwa na desturi ya kuchapa picha na majina ya wana wa mji waliofia vitani, hata kama hayakuruhusiwa kusema wamefia wapi. Binti wa daktari wa mji fulani, muuguzi, "amefariki vitani, baharini, Februari 1944." Basi. Mstari huo mmoja kwenye gazeti la mji ambao wewe huna habari nao ndio uzi unaofika hadi kwa kijana wa Machakos au Tabora aliyekuwa amelala kwenye sakafu ya meli ileile. Inauma kwamba ni lazima tupitie kwa wengine ili kuwafikia wetu. Lakini uzi ni uzi, nao unashika.

Kwa nini nasisitiza tarehe? Kwa sababu tarehe ndiyo ufunguo wa milango iliyobaki. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya askari waliokufa katika Vita viwili vya Dunia, na orodha hiyo iko wazi kwenye intaneti. Unaweza kuichuja kwa tarehe ya kifo. Weka 12 Februari 1944, chagua Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki ulioko kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, nayo majina yanaanza kushuka: mtu baada ya mtu, namba ya jeshi baada ya namba ya jeshi, tarehe ileile ikijirudia. Ukitafuta kwa jina ungekosa, kwa sababu karani aliyemwandikisha babu yako aliandika alivyosikia. Khamis ameandikwa Hamisi, Hamis, Amisi. Njoroge ameandikwa kwa namna tatu. Wengine waliandikwa jina la baba peke yake, wengine jina la kijiji walikotoka, wengine jina walilojipa siku ile ili wazazi wasiwapate na kuwarudisha. Tarehe haina tahajia mbili. Ukiwa nayo, unaweza kukaa na mzee wa ukoo, ukamsomea majina moja moja, mpaka aseme, "Hebu rudia hilo."

Tarehe nayo itatoka wapi? Hapa ndipo wengi wanaporuka hatua. Wanakwenda magazetini kabla ya kumaliza na wazee. Na wakikaa na wazee wanawauliza swali la ofisini: mwaka gani? Bibi aliyezaliwa zama zile hakuhesabu miaka kwa namba. Muulize mvua zilikuwaje, njaa ipi ilikuwa imepita, nzige walikuja kabla au baada, nani alikuwa ananyonya, nani alikuwa ametahiriwa. Kwa Wakikuyu njaa ya mianga ni ya 1943. Kwa Wagogo Mtunya ni njaa ya 1917 hadi 1920. Ukisikia "aliondoka baada ya njaa ya mianga, mahindi ya kwanza hayajakomaa," umeshafika mwanzoni mwa 1944 bila mtu kutaja namba hata moja.

Kwa watu wa pwani kuna hazina nyingine ambayo nahofia tunaipoteza. Mabaharia wetu walihesabu siku kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka, ile ambayo Makunduchi bado wanaiogea. Nahodha hakusema jahazi liliondoka Januari. Alisema liliondoka mwongo wa ngapi, kwa sababu kila mwongo una upepo wake, na bahari hufungwa na kufunguliwa kwa hesabu hiyo. Mzee akikwambia babu aliondoka Lamu kaskazi ikiwa imekaza, umepunguza kazi yako: unasoma magazeti ya Desemba hadi Machi. Akikutajia mwongo, umekaribia wiki yenyewe. Angalia tu kwamba mwaka wa Nairuzi ni siku 365 bila ile siku ya nyongeza kila miaka minne, kwa hiyo husogea taratibu ukiulinganisha na kalenda ya ukutani, na mwongo wa enzi za babu hauangukii tarehe zilezile za leo.

Majahazi, kwa kweli, ndiyo magumu kuliko yote. Meli kubwa ya chuma ilikuwa na kampuni, bima, na kumbukumbu huko London, ambako gazeti la Lloyd's List limekuwa likichapa habari za kuingia, kutoka na kuzama kwa meli tangu karne ya 18. Meli hata ikibadilishwa jina, nyayo zake zinabaki. Khedive Ismail yenyewe ilitengenezwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya Wachile, ikaitwa Aconcagua, na ni mwaka 1935 ilipoingia mikononi mwa Wamisri ikapata jina la Khedive. Jahazi la Pate lililobeba boriti halikuwa na bima London. Lilikuwa na nahodha, na mwenye mali, na watu wa nyumbani. Likizama, habari ilienda kwa mdomo kutoka bandari hadi bandari, na ikafika gazetini pale tu lilipokuwa na kitu kilichoigusa serikali: barua, ushuru, pembe za ndovu, mtumwa, au Mzungu.

Hata hivyo majahazi nayo yameacha mlango mdogo. Gazeti la serikali la Zanzibar lilianza kuchapwa mwaka 1892, na magazeti ya namna ile yalikuwa na sehemu ya meli zinazoingia na kutoka bandarini. Kabla ya hapo kulikuwa na Msimulizi, gazeti la wamisionari wa Kiungani, la 1888, lililoandikwa kwa Kiswahili. Nyuma ya hapo huna budi kuvuka bahari, uende kwenye magazeti ya Bombay. Kimbunga kilichoipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu, kikazamisha majahazi na meli za Sultan Barghash zilizokuwa zimetia nanga, na Zanzibar wakati ule haikuwa na gazeti. Habari zilisafiri kwa meli hadi India na Uingereza, zikachapwa huko wiki na miezi baadaye. Mtu anayemtafuta babu aliyekufa maji siku ile na akasoma Aprili peke yake atakosa. Inabidi asome Mei, Juni na kuendelea, na asome gazeti la mahali meli ya barua ilikofikia.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoiamini kuliko nyingine: habari ya meli iliyopotea itafute pande zote mbili za safari, na upande ambako waliookoka walishushwa uupe muda zaidi. Tilawa ni ushahidi. Meli hii ya kampuni ya British India iliondoka Bombay Novemba 1942 ikielekea Mombasa, Maputo na Durban, na watu 958. Wengi wa abiria walikuwa Wahindi, wafanyabiashara na familia zao, baadhi wakirudi makwao Afrika Mashariki. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba nyambizi I-29 iliizamisha, wakafa watu 280. Waliookolewa waliokotwa zaidi na manowari ya Birmingham, wakarudishwa Bombay. Kwa hiyo familia iliyokuwa ikisubiri bandarini Mombasa ilikuwa upande usio na habari. Mashahidi walikuwa Bombay, na huko ndiko waliposimulia. Wajukuu wa watu wa Tilawa walihangaika muda mrefu na vipande vipande, mmoja ana jina, mwingine ana picha, mwingine hadithi ya mama, na mwaka 2022, miaka 80 baadaye, wakakutana Mumbai kuwakumbuka wapendwa wao.

Hapo pana jambo ambalo magazeti hayalisemi waziwazi lakini ndilo linalowatesa watu. Aliyekufa maji hana kaburi, na asiye na kaburi anasumbua sheria na mila. Mke wa askari wa Khedive Ismail aliyekuwa Mwislamu hakuwa mke wala mjane. Angekaa eda lini, kama hajui mumewe amekufa lini? Wanazuoni wana mlango mzima kuhusu mtu aliyepotea, na kadhi hakumwachia mwanamke aolewe upya kwa uvumi. Angeweza kusaliwa sala ya ghaibu, hilo liko wazi katika madhehebu ya Shafi ambayo pwani inayafuata, lakini hata sala hiyo inahitaji yakini kwamba mtu amekufa. Wajaluo, kwa mtu ambaye maji hayakumrudisha, huzika tunda la yago, lile refu linaloning'inia kwa kikonyo kama kamba, ili nyumba ipate kaburi na msiba upate mwisho. Ukiona kaburi la yago kwenye boma, jua kuna tarehe pale, na kuna mtu aliyeamua siku moja kwamba kungoja kumetosha.

Mambo haya ni chanzo cha habari na wala hayapo pembeni ya utafiti. Mafaili ya kadhi kuhusu mirathi na ndoa, shauri la shamba lililoachwa, ugomvi wa ndugu wawili juu ya minazi, yote hayo yanaandika kile gazeti lilichokiacha: "marehemu alizama pamoja na jahazi fulani." Na gazeti rasmi la serikali ya Kenya, lile lililoanza kutolewa mwaka 1899 na ambalo matoleo yake mengi yanasomeka leo kwenye intaneti, lilichapa matangazo ya mirathi. Watu huliacha kwa kuwa linachosha, limejaa namba za viwanja na uteuzi wa mahakimu. Lakini tangazo la mirathi lina jina, mahali, na mara nyingi tarehe ya kifo, tena limeandikwa na mtu aliyelazimishwa na sheria kuwa mwangalifu. Mimi nikichagua kati ya habari ya kusisimua ya ukurasa wa mbele na tangazo la mirathi la mistari minne, nachukua mistari minne.

Nikisema hivyo sidharau magazeti ya Kiswahili, na hapa nina neno la uchungu. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923. Baraza lilianza Nairobi mwaka 1939, vita vikiwa mlangoni. Haya yalikuwa magazeti ambayo Mwafrika aliweza kujiona ndani yake akiwa na jina. Watu waliandika barua, walituma mashairi ya kuomboleza, waliulizana habari za ndugu waliopotea, walisalimiana kutoka kambi hadi kijiji. Shairi la maombolezo la zama zile ni hati ya historia: mtunzi hutaja marehemu, hutaja ukoo wake, hutaja mji, na kwenye ubeti wa mwisho hujitaja mwenyewe. Pale ambapo gazeti la Kiingereza liliandika "wenyeji wawili," shairi la Kiswahili lingeweza kuandika fulani bin fulani.

Lakini nani leo, akiwa Songea au Kwale, anaweza kuandika jina la babu yake kwenye simu na likatafutwa ndani ya miaka yote ya Mambo Leo? Gazeti la walowezi wa Kijerumani lililochapwa Dar es Salaam tangu 1899 unaweza kulisoma kwa simu, kwa sababu maktaba ya Berlin imelipiga picha na kuliweka wazi. Magazeti ya miji midogo ya Uingereza yamepigwa picha kwa mamilioni ya kurasa, ukilipa unasoma. Ya kwetu unayafuata kwa miguu: Hifadhi ya Taifa pale Upanga, chumba cha vitabu vya Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hifadhi ya Kilimani kule Unguja, ile ya Moi Avenue Nairobi, na maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931. Unafika, unajaza fomu, unaletewa jalada ambalo karatasi zake zinakatika ukizigusa. Wahifadhi wanaofanya kazi humo wanastahili heshima kubwa, wengine wamelinda karatasi hizo miaka mingi kwa bajeti ndogo. Wao hawana kosa. Kosa ni letu sote tunaoshangilia historia kwenye hotuba na kuiacha iliwe na mchwa.

Tena kupiga picha pekee hakutoshi. Mashine zinazosoma maandishi ya zamani zimefundishwa zaidi kwa Kiingereza. Zikikutana na "ng'ambo" zinaparaganyika kwenye ile alama, na "Mwinyi" zinaisoma vingine kabisa. Kazi hii inahitaji watu wanaojua Kiswahili cha miaka ya 1920, watakaokaa na kurasa na kusahihisha, na watakaotengeneza orodha ya majina yenye tahajia zake zote, ili anayetafuta Khamis aletewe na Amisi. Ni kazi ambayo wanafunzi wetu wa historia na isimu wangeweza kuifanya kama sehemu ya masomo yao. Sioni sababu ya kungoja Berlin wala London.

Kuna onyo moja ambalo ni lazima nilitoe, kwa sababu nimeona watu wakishika gazeti kama msahafu. Gazeti linakosea. Habari ya kwanza ya maafa ya majini karibu kila mara huwa na hesabu isiyo sahihi, na majina ya waliookoka huchanganywa na ya waliokufa. Meli inaelezwa imezama "karibu na" bandari ambayo iko mbali nayo sana, kwa sababu ndiko simu ilikotoka. Usichukue toleo moja. Soma la siku ya kwanza, la wiki ya pili, la uchunguzi ulipokamilika, na la kumbukumbu ya mwaka. Na pale lilipotokea jambo la aibu kwa wenye mamlaka, soma kwa macho mawili. Baada ya Khedive Ismail kuzama, manowari za Petard na Paladin ziliiwinda ile nyambizi kwa mabomu ya kulipukia chini ya maji, huku waliookoka wakielea palepale, kwa sababu I-27 ilikuwa imejificha chini yao. Nyambizi ilizamishwa. Jambo kama hilo hulikuti kwenye gazeti la vita. Linakuja baadaye, kwenye simulizi za waliokuwapo. Mjukuu anayetaka kujua babu yake alikufaje inabidi ajiandae kwamba jibu linaweza kuwa gumu kulibeba.

Wala tusidhani kwamba tabia ya kuwaacha watu bila majina ilikufa na ukoloni. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa madaraja ya juu walikuwa kwenye orodha, wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mamia walikufa, na wengi walizikwa pamoja Igoma. Kwa aliyepanda daraja la tatu, magazeti ya Mei na Juni mwaka ule, yenye picha za ndugu wakisubiri uwanjani na majina yaliyokusanywa na waandishi mmoja mmoja, ndiyo orodha ya abiria. Hatujafika hata miaka hamsini, na tayari nakala za karatasi za magazeti ya 1996 zinatumika kufungia maandazi. Mwenye nazo asizitupe. Azipige picha, ukurasa mzima na tarehe yake juu, si kipande kilichokatwa. Kipande cha gazeti kisicho na tarehe kimekata ule ufunguo niliousema.

Turudi kwa askari wetu wa mizinga. Vita vya Kwanza viliisha na minara ya askari ikasimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ya Dar es Salaam ilizinduliwa 1927. Imeandikwa juu yake, kwa Kiswahili pia, kwamba mtu akiipigania nchi yake hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini hakuna jina hata moja juu ya jiwe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba askari na wapagazi wa Kiafrika na Kiasia wa vita vile, wasiopungua 116,000 na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi hao ndio waliotuachia jina la Kariakoo, na mtaani hakuna anayeweza kutaja watatu kati yao.

Wa Khedive Ismail walipata angalau hilo. Majina yao yamechongwa. Yako kwenye ule Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, Barabara ya Ngong, pamoja na ya wale waliokufa Abyssinia na Madagascar bila kaburi linalojulikana. Anayepanda matatu za kwenda Ngong anapita hapo. Geti hufunguliwa, nyasi hukatwa, na mtu anaweza kuingia na kusoma. Aende na mzee wa ukoo kama bado yupo, na kalamu, na zile tahajia zote tatu za jina la babu. Aanze na safu za mizinga.